Kiingiacho na Kitokacho Katika Biashara



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo linalofanywa katika kila nyumba kila siku, na wachache ndio wanaolitia akilini. Mama aingiapo jikoni huwa na unga, maji, chumvi, mafuta na moto. Atokapo huwa na chapati. Unga si chapati, wala moto si chapati. Kilichovigeuza vile vitu vya kwanza vikawa kitu cha pili ni kazi, tena kazi yenye taratibu: kukanda kwanza, kisha kuacha unga upumzike, kisha kukata madonge, kusukuma, na kuchoma. Akivunja taratibu hiyo, vitu ni vile vile na fedha iliyovinunua ni ile ile, lakini chapati hutoka ngumu, na watoto huziacha sahanini.

Biashara yo yote ulimwenguni, ikiwa ni ya kuuza vitumbua barazani au ya kuunda magari maelfu kwa maelfu, haitoki nje ya mfano huu. Kuna viingiavyo: mali ghafi, nguvu za watu, vyombo, moto au umeme, mahali pa kufanyia kazi, muda na maarifa. Kuna kazi ya kuvigeuza. Na kuna vitokavyo, yaani bidhaa au huduma ambayo mtu mwingine yu radhi kuitolea fedha. Thamani ya kitokacho ikizidi thamani ya vyote vilivyoingia, pana faida. Isipozidi, hapana faida, ijapokuwa mwenye kazi ametokwa na jasho tangu alfajiri mpaka magharibi.

Twalieleza jambo hili kwa sababu ya msiba mmoja uliozoeleka mno. Mtu hupata fedha kidogo, pengine ya urithi, pengine ya kiinua mgongo, pengine mke ameuza bangili zake. Huanzisha biashara, wanunuzi huja, mikono haipumziki, na mwaka ukipinda mtaji haupo. Hakuibiwa, wala hakufanya israfu. Ukimwuliza fedha imekwenda wapi, hana la kujibu. Nasi twasema kuwa imepotea njiani, baina ya kiingiacho na kitokacho, mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

NAZI NA MENGI YATOKAYO NDANI YAKE

Ili tusiseme maneno ya hewani, tuichukue nazi, kwani sisi watu wa pwani twaijua, na wenzetu wa bara wameiona sokoni.

Tangu ua la mnazi kutoka mpaka nazi kukomaa hupita kama mwaka mmoja. Mkwezi hupanda akaangua. Nazi hufuliwa kwa kifuo, hupasuliwa, na huanikwa mpaka nyama yake ikauke iwe mbata. Nyama mbichi ya nazi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mbata iliyo tayari kwa kushindikwa yapasa ibakiwe na maji kama sehemu 6 au 7 tu katika kila 100. Nazi 5 hadi 7, kwa kadiri ya ukubwa wake, hutoa kilo 1 ya mbata, na katika mbata njema sehemu 60 na zaidi katika kila 100 ni mafuta. Kinu kidogo hakiwezi kuyakamua yote; mengine hubaki katika mashudu.

Sasa tuhesabu viingiavyo. Mtu asiyezoea hesabu atasema kuwa ni nazi tu. Lakini mna nguvu za mkwezi na za mfuaji, mna panga na kifuo na uchanja wa kuanikia, mna gari au baiskeli ya kuchukulia, mna ujira wa kinu, mna chupa za kutilia mafuta. Mna siku zilizopita huku mbata ikingoja jua, na siku hizo nazo ni mali, kwa kuwa fedha iliyonunua nazi imefungika humo na haiwezi kufanya kazi nyingine. Mwisho mna maarifa: kuijua nazi iliyokomaa na iliyo bado koroma, na kuijua mbata iliyokauka na iliyokauka nje tu ikabaki mbichi ndani. Maarifa hayapimwi kwa mizani, lakini biashara isiyo nayo huingiza mali njema ikatoa takataka.

Na vitokavyo je? Mafuta ndiyo ya kwanza, lakini si peke yake. Mashudu ni chakula cha kuku na ng'ombe. Vifuu huchomwa vikawa makaa mazuri yenye moto mkali. Makumbi hutoa usumba, na usumba husokotwa kamba, husukwa mazulia, hujazwa magodoro. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja wanawake huyafukia makumbi ufukoni miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha huyafukua, huyaponda, na kusokota kamba. Makumbi ambayo wengine huyachoma moto, huko ndiyo mali ghafi ya biashara nzima.

Wala ustadi huu si wa jana. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye visiwa vya Maldives katika mwaka 1343 na akawa kadhi huko. Ameeleza katika safari yake jinsi watu wa visiwa vile walivyoyalowesha makumbi katika mashimo karibu na bahari, wakayapiga, na wanawake wakasokota nyuzi zake. Na nyuzi hizo zikachukuliwa mpaka India, China na Yemen kwa kushonea mbao za vyombo. Mitepe ya Lamu nayo ilishonwa kwa kamba za usumba bila ya msumari. Basi kitu ambacho mpishi hukitupa nje ya jiko kimevusha watu bahari kwa mamia ya miaka. Tofauti ya taka na mali haikuwa katika kumbi lenyewe. Ilikuwa katika kazi iliyolifuata.

HESABU YA NAZI MIA

Hebu sasa tutie kalamu kwenye karatasi. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila msomaji atie za mji wake, lakini njia ya hesabu asiibadilishe.

Tuseme mama mmoja amenunua nazi 100, kila moja kwa shilingi 1,000. Zimekuwa shilingi 100,000. Amelipa kufuliwa shilingi 5,000, kuchukuliwa shilingi 8,000, kinu shilingi 12,000, na chupa 10 shilingi 7,000. Matumizi ya kazi yamekuwa shilingi 32,000, na jumla ya vilivyoingia shilingi 132,000. Nazi 100 zikikaushwa vizuri na kushindikwa katika kinu cha kawaida zaweza kutoa mafuta kama lita 10. Akiuza kila lita shilingi 14,000 atapata shilingi 140,000.

Watu wengi wakiziona zile 140,000, hukumbuka zile 100,000 za nazi tu, wakasema, "Alhamdulillahi, faida ni 40,000." Kumbe faida ni shilingi 8,000. Na ikiwa mwenyewe ametoa siku 4 nzima za kazi yake, basi amejiajiri kwa shilingi 2,000 kwa siku, naye hajui. Lau angemfanyia kazi hiyo mtu mwingine kwa ujira huo angeona kuwa amedhulumiwa. Kujidhulumu mwenyewe hakumwumi kwa sababu hakuandika.

Lakini tusimvunje moyo, kwani hesabu haijesha. Akiuza mashudu kwa shilingi 3,000, makaa ya vifuu kwa shilingi 4,000, na makumbi kwa shilingi 5,000, amepata shilingi 12,000 nyingine. Faida yake sasa ni 20,000. Tazama ajabu hii: vile alivyokuwa akivitupa vimemletea faida kubwa kuliko mafuta yenyewe. Hivi ndivyo yalivyo makarakana makubwa ya ulimwengu. Wenye viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa yao ili kupata mvuke na umeme wa kuendeshea mitambo ile ile iliyoikamua miwa. Mtu hodari huuliza juu ya kila kitu kinachotoka mlangoni mwake, hata moshi na makapi: je, hiki chaweza kuwa kiingiacho cha kazi nyingine?

Tena tuonyeshe upande wa pili. Tuseme nazi 10 katika zile 100 zimeota kuvu kwa sababu zilianikwa siku ya mawingu zikafunikwa zingali mbichi. Mafuta yanapungua lita 1, nayo ni karibu shilingi 14,000. Faida yote ya mafuta, ambayo ilikuwa 8,000, imekwisha, na shilingi 6,000 juu yake zimeingia katika hasara. Sehemu moja katika kumi ya mali imeharibika, na faida haikupungua sehemu moja katika kumi, imekwisha kabisa. Jambo hili ndilo linaloua biashara ndogo kwa siri. Faida ni utando mwembamba juu ya matumizi mengi, na uharibifu mdogo hutosha kuupasua.

NAZI YA SHAMBANI SI YA BURE

Hapa msomaji mmoja atasema, "Mimi sinunui nazi. Nina minazi yangu niliyoachiwa na marehemu baba. Kwangu mimi nazi ni bure, na fedha yote ni faida."

Neno hili limewapoteza wengi, nasi twapenda lisikilizwe kwa makini. Nazi iliyoko shambani mwako ungeweza kuiuza kama ilivyo na kupata shilingi 1,000. Ukiitia kinuni, umeitoa ile 1,000 kwa mkono wako mwenyewe, ingawa hukuiona ikitoka. Kwa hiyo iandike katika hesabu kama uliyoinunua. Ukiisha kuiandika, ukaona mafuta hayarudishi bei ya nazi pamoja na taabu ya kuyatengeneza, basi afadhali uuze nazi na upumzike. Wako watu wasemao kila siku kuwa ni aibu kuuza kitu kibichi, ni lazima kukitengeneza. Maneno hayo ni mazuri barazani, lakini si kweli kila mahali na kila mwezi. Kutengeneza ni kwema pale kazi inapoongeza thamani kuliko gharama yake. Pale isipoongeza, kutengeneza ni njia ndefu ya kupunguza mali.

Kinyume chake nacho ni kweli, na huenda ndicho kilicho kikubwa zaidi kwetu. Wako ndugu zetu wanaouza nazi zao zote kwa mchukuzi anayefika mlangoni, kisha jioni hununua dukani mafuta ya nywele, sabuni, kamba ya kufungia mbuzi na zulia la kufutia miguu, vyote vimetoka katika nazi. Si haramu kufanya hivyo, wala si upumbavu daima. Lakini mtu asifanye bila kuhesabu, hasa ikiwa nyumbani mna vijana wasio na kazi na mabinti wenye mikono ya ustadi. Mali ya mayatima ikiwa ni shamba la minazi, msimamizi wake huulizwa zaidi: je, aliiuza kwa uvivu, au aliipima kwanza?

MAHALI PEMBAMBA PA MFEREJI

Maji ya mfereji hayapiti kwa kadiri ya mahali papana. Hupita kwa kadiri ya mahali pembamba. Ukipanua pale palipo papana tayari, hukuongeza hata tone moja.

Tumrudie mama yetu wa mafuta. Uchanja wake hubeba nazi 50 tu, na mbata huchukua siku kama 6 za jua zuri kukauka. Kwa mwezi aweza kuanika mara 5, yaani nazi 250, nazo hutoa lita 25. Akipata fedha, jirani humshauri anunue kinu chake mwenyewe. Anunuapo, kinu hicho hufanya kazi saa chache kwa mwezi, na siku zilizobaki hufunikwa gunia. Mafuta ni lita 25 zile zile, kwa kuwa pembamba pake ni uchanja, si kinu. Lau angetumia fedha kidogo tu akaongeza uchanja wa pili wa nazi 50, angepata lita 50 kwa mwezi, akaendelea kulipa kinu cha mwenziwe. Na wakati wa masika, jua linapokosekana, yafaa afikirie tanuri dogo la kukaushia ambalo kuni zake ni vifuu vyake mwenyewe, akipima thamani ya makaa anayoyakosa na ya mbata anayoiokoa.

Mwenye cherehani tatu na mkata nguo mmoja, pembamba pake ni mkasi. Mwenye duka la mikate ambaye tanuri lake hubeba mikate 60, hata akiajiri wakandaji kumi, mikate ni 60. Basi kabla hujanunua chombo kipya, au kumwandika mtu mpya, simama ukatazame: kazi hurundikana wapi na kungoja? Hapo penye lundo ndipo penye pembamba. Panua hapo kwanza.

KUGAWANA KAZI

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Kairo mwaka 1406, aliliona jambo hili zamani. Katika Mukaddima yake ya mwaka 1377 alieleza kuwa hata chakula cha siku moja cha mtu mmoja, ikiwa ni ngano, chataka kusagwa, kukandwa na kuokwa; na kila kazi yataka vyombo, na vyombo vyataka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Mtu mmoja hayawezi hayo yote. Lakini watu wakisaidiana hupata chakula cha kuwatosha wao na wengine wengi zaidi ya idadi yao.

Miaka 400 baadaye, mwaka 1776, Adam Smith wa Uskochi alitoa mfano wa karakana ya kutengeneza pini. Watu 10 waliogawana kazi, mmoja akinyoosha waya, mwingine akikata, mwingine akichonga ncha, waliweza kutoa pini 48,000 kwa siku moja. Na mtu mmoja peke yake asiyefundishwa angehangaika kutoa hata chache.

Mwaka 1913 huko Marekani, Henry Ford alizidi. Katika kiwanda chake cha Highland Park hakuwafanya watu waifuate gari; aliifanya gari iwafuate watu. Iliburutwa polepole mbele yao, na kila mmoja akatia kipande chake. Kazi ya kuunganisha gari moja iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikashuka, kabla ya mwaka 1914 kwisha, mpaka kama saa 1 na nusu.

Lakini tusiishie kwenye sifa, maana wengi huishia hapo. Wafanya kazi walichoshwa na kurudia kitendo kimoja tangu asubuhi mpaka jioni, wakawa wanaondoka. Katika mwaka 1913 kiwanda kile kililazimika kuandika watu zaidi ya mara tatu ya idadi yake ili nafasi zisikae wazi. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ule wa kwanza, na akapunguza kazi ikawa saa 8. Hakufanya hayo kwa ukarimu peke yake; hesabu ilimfundisha kuwa mwanadamu si mbata. Nguvu zake ni kiingiacho, naam, lakini ni kiingiacho chenye nafsi, kinachochoka, kinachougua, na kinachoweza kufungasha virago. Mwenye kuajiri watoto wa jirani kufua nazi na asiwalipe kabla jasho lao halijakauka, asishangae siku atakapokuta kifuo kiko peke yake.

KUKOMESHA KOSA LINAPOZALIWA

Huko Japani alikuwako fundi mmoja, Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867. Mwaka 1924 alikamilisha mtambo wa kufuma nguo ambao ukikatikiwa na uzi mmoja husimama wenyewe. Kabla ya hapo mtambo wenye uzi uliokatika uliendelea kufuma, na jora zima likatoka na kasoro. Mtambo wa Toyoda ulikataa kuendelea na kosa. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi, kwa kuwa hakuhitaji kuikodolea macho ile iliyo salama. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki ya kuunda mitambo hiyo. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kazi ya magari ya Toyota, na fikira ile ile ikaingia humo: mfanya kazi akiona kosa huvuta kamba, na kazi husimama mpaka litengenezwe.

Katika kampuni hiyo hiyo Taiichi Ohno aliorodhesha namna saba za upotevu: kutengeneza kupita haja, kungoja, kuchukua vitu huku na huku bila sababu, kufanya kazi isiyohitajiwa, kulimbika mali, kutembea bure, na kutoa bidhaa mbovu. Msomaji azichukue saba hizo aingie nazo jikoni mwake au dukani mwake, na atazame ngapi zimo. Mama aliyepika maandazi 200 ilhali wanunuzi ni 120 hakufanya biashara kubwa; amegeuza unga mzuri ukawa viporo.

Kukomesha kosa mapema kuna faida ya mali na faida ya roho. Nazi mbovu ukiitoa kabla ya kuanika, umepoteza nazi. Ukiitoa ikiisha kukauka, umepoteza nazi na siku 6. Ukiigundua ikiwa ndani ya chupa, umepoteza nazi, siku, ujira wa kinu na chupa. Asipoigundua ila mnunuzi nyumbani kwake, umempoteza mnunuzi, na jina lako limekwenda naye. Tena kuvu nyingine huzaa sumukuvu inayodhuru ini, nayo huingia katika mashudu tunayowalisha wanyama. Kwa hiyo kuikagua mbata si kuhifadhi fedha peke yake, ni amana.

Na sisi Waislamu tuna mfano wetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini umajimaji, na juu pamekauka. Mwenye nafaka alitoa udhuru kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha ile iliyolowa chini ya ile kavu. Mwenye kutia mafuta ya bei rahisi chini ya mafuta ya nazi na kuandika jina moja juu ya chupa, afikirie kisa hicho kabla ya kufunga kifuniko.

MASWALI MATANO YA NYUMBANI

Tumalizie kwa maswali ambayo mwenye biashara ndogo yampasa ajiulize, yeye na watu wa nyumbani kwake, kila mwisho wa mwezi, na majibu ayaandike katika daftari. Hesabu ya kichwani humpendelea mwenye kichwa.

La kwanza: nimeingiza nini na nini, pamoja na siku zangu na vitu nilivyovitoa nyumbani mwangu bila kuvilipia? Mafuta ya taa, maji, na mtoto aliyekwenda kuuza baada ya chuo, vyote viandikwe.

La pili: nimetoa nini, na kipi nilichokitupa ambacho mwingine angekinunua?

La tatu: kazi imerundikana wapi?

La nne: kimeharibika kiasi gani, na kimeharibikia hatua gani? Usiandike "hasara kidogo", andika idadi.

La tano: fedha ya biashara na fedha ya nyumba zimekaa mfuko mmoja au miwili? Zikikaa mmoja, maswali manne ya kwanza hayana jibu. Jipe ujira wako, mdogo uwezavyo, uutoe ule nao, na mtaji uuache ulale mahali pake. Mgeni akija usiku, mchinjie kuku wa nyumba, usimchinjie mtaji.

Mambo haya hayataki shahada wala kiwanda. Yule mama aliyeuza bangili zake ili aanze kazi anayaweza yote kwa penseli na daftari la kurasa 40. Wala haifai mumewe amwachie peke yake, akangoja tu kuuliza jioni zimepatikana ngapi. Na akae naye nusu saa mwisho wa mwezi, wasome pamoja vilivyoingia na vilivyotoka. Wakikuta faida, wamshukuru Mungu na waongeze uchanja. Wakikuta hasara, wameikuta ingali ndogo, na bangili zilizobaki zingali mkononi.